Cheti cha mauzo si hatimiliki

Juzi hapa mtaani Section 58, Nakuru, jirani alinitolea karatasi kwenye bahasha ya kaki, mihuri miwili juu yake. "Mzee, hati ya ploti ndiyo hii. Ile kampuni niliinunua mnadani." Makosa mawili kwa pumzi moja, na ni mtu wa tatu mwaka huu kuniambia hivyo.

Alichonionyesha ni cheti cha mauzo, karatasi anayopewa mshindi wa mnada akimaliza kulipa: kimeuzwa nini, kwa bei gani, kwa nani. Kampuni ikiwa inafilisiwa, anayeuza kwa niaba yake ni mfilisi. Dalali ni mdomo tu.

Hilo neno mfilisi ndilo linaloniudhi zaidi, maana watu huliita hivyo shirika lenyewe lililoanguka. Aliyeanguka ni muflisi. Yote mawili yana asili moja, fals ya Kiarabu, sarafu ya shaba, ndugu ya fulusi tunazozililia kila mwisho wa mwezi. Muflisi alikuwa na dirhamu za fedha, sasa amebaki na shaba. Mfilisi ndiye anayekuja kuihesabu hiyo shaba na kuwagawia wadai. Na mali haiwi yake kwa sababu ameteuliwa: anauza na kutia sahihi kwa niaba ya kampuni. Kitazame cheti cha jirani yangu, jina la kampuni limefuatwa na neno linalosema inafilisiwa. Muuzaji ni maiti anayesemewa, kama utanisamehe.

Cheti nacho kimetoka Bara Hindi, chitthi, kijibarua. Hati ni Kiarabu, khatt, mwandiko. Sheria haifuati kamusi, najua, lakini hapa vimeangukiana vizuri: cheti ni barua inayosema ulinunua.

Kwa mashine na viti vya ofisi, nyundo ikigonga biashara imetimia, na cheti kinakutosha kuwaonyesha walinzi getini. Gari ni mpaka ubadilishe logibuku. Shamba na ploti ndiko kuna kazi. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 kinampa umiliki aliyesajiliwa. Kwa hiyo mfilisi lazima atie sahihi fomu ya uhamisho, ulipe ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, kisha upeleke kwa msajili. Kabla ya hapo ukifanya sachi, yaani kuangalia rejista, ofisi ya ardhi utakutana na jina la kampuni, na pengine rehani ya benki juu yake.

Jirani alinibishia kwa simu yake. Ukurasa aliosoma ulikuwa wa India, na huko Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2007 kwamba katika mnada wa amri ya korti, mauzo yakithibitishwa umiliki umeshamfikia mnunuzi, cheti ni ushahidi tu. Alichosoma ni kweli, ila ni kweli ya kule. Hata hivyo, angalia, kule nako cheti ni ushahidi. Kwetu korti nayo hutoa cheti chake, chini ya Agizo la 22 la kanuni za kesi za madai za 2010, ikiuza mali ya mtu aliyeshindwa kesi. Hiyo ni njia nyingine, na wala si mfilisi anayekitoa.

Na kampuni hakuinunua. Alinunua ploti yake. Madeni, kesi na mishahara ya wafanyakazi vimebaki mezani kwa mfilisi. Ni kosa lile lile la wanaosema Mumias, kampuni ya sukari, iliuzwa: ile iliwekwa chini ya meneja mpokezi, msimamizi aliyewekwa na benki inayodai, Septemba 2019, kisha Desemba 2021 ikakodishwa kwa miaka 20. Kukodisha, jamani.

Nilimwambia akitunze cheti, asikilamineti, na Jumatatu amwandikie mfilisi kuomba fomu ya uhamisho. Akaikunja bahasha polepole.

"Sasa hiki walinipa cha nini?"

"Kwa sababu ulilipa, ndugu yangu."