Papai kwenye mishikaki na kipimo cha figo

Wachoma mishikaki wanaijua dawa ya nyama ngumu: papai bichi lililotwangwa pamoja na tangawizi na kitunguu saumu. Saa moja au mbili zinatosha. Ukijisahau ukaiacha hadi asubuhi, vipande havishikiki tena kwenye kijiti. Vimetepeta kama mkate uliolowekwa chai. Aliyeifanya kazi hiyo ni papaini, kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu mweupe wa papai. Hukata protini, na hakijui kuacha.

Miilini mwetu tunavyo vimeng'enya vya ukoo huohuo, viitwavyo kathepsini. Vingi hukaa ndani ya vifuko vidogo vya seli, vikivunjavunja protini zilizochakaa. Seli ikijeruhiwa au ikifa, huvuja nje na kuendelea kukata chochote kilicho jirani. Kinachotuponya tusilainike kama nyama iliyolala na papai ni protini ndogo ziitwazo sistatini.

Ya kwanza kufahamika nayo ilitoka kwenye kitu cha jikoni. Mwaka 1968 watafiti Fossum na Whitaker walieleza protini iliyomo kwenye ute wa yai la kuku, yenye uwezo wa kuizima papaini. Jina sistatini lilipendekezwa mwaka 1981 na Alan Barrett. Namna inavyofanya kazi ni ya kifundi hasa: kimeng'enya kina ufa ambamo protini hulazwa ili ikatwe, na sistatini hujichomeka kwenye ufa huo kama kabari, ikaziba mlango pasipo yenyewe kukatwa.

Katika ukoo huu, anayetafutwa zaidi maabara siku hizi ni sistatini C. Karibu kila seli ya mwili yenye kiini huitengeneza, usiku na mchana, kwa kasi isiyobadilika sana. Ni ndogo, ina amino asidi (vijenzi vya protini) 120 tu, kwa hiyo hupenya chujio la figo bila shida. Ikishapita, mirija ya figo huinyonya na kuivunja papo hapo. Hairudi kwenye damu. Figo zikichuja vizuri, damuni hubaki kidogo, kwa kawaida kati ya miligramu 0.6 na 1.0 hivi kwa lita kwa mtu mzima, ingawa kila maabara ina viwango vyake. Figo zikilegea, inarundikana.

Mtu atauliza: kreatinini, taka ya damuni ambayo ndiyo hupimwa kwa kawaida kujua hali ya figo, ina kasoro gani? Haina, ila inatoka kwenye misuli. Chukua babu wa miaka 75 aliyekondeana hadi kilo 42 baada ya kuugua TB. Misuli yake imekwisha, hivyo kreatinini anayotoa ni chache mno, na karatasi ya majibu itaonyesha figo za kijana. Daktari akiandika dozi kwa kuiamini namba ile, dawa zinazotolewa na figo zitamzidi. Hali ni hiyohiyo kwa aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Mnyanyua vyuma yeye hutishwa bure, na aliyekula nyama choma saa chache kabla ya kutolewa damu pia.

Kuna kundi jingine ambalo ningependa lilielewe jambo hili: wanaotumia kidonge cha TLD, dawa ya kufubaza VVU. Dolutegraviri iliyomo humo huziba njia mojawapo ambayo figo hutumia kutoa kreatinini, hivyo kiwango hupanda kidogo katika wiki za mwanzo bila figo kudhurika. Tatizo ni kwamba tenofoviri, iliyomo kwenye kidonge hichohicho, inaweza kuziumiza figo kweli. Kreatinini peke yake haikwambii ni ipi kati ya hizo mbili. Sistatini C haipiti kwenye njia ile, kwa hiyo husaidia kuamua. Usiache dawa kwa sababu ya namba uliyoisoma mwenyewe. Rudi kliniki na karatasi yako.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliowapima watu wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini kwa kutumia ioheksoli, njia ya uhakika zaidi ya kupima uchujaji, ulionyesha kuwa hesabu zinazotegemea kreatinini huzipa figo sifa zisizostahili. Hesabu hizo zilitungwa kwa miili ya watu wa kwingine. Binafsi naona hiyo ni sababu tosha ya kuacha kukiona kipimo cha sistatini C kama anasa, japo najua bei yake bado iko juu na kwetu hupatikana zaidi kwenye maabara kubwa.

Nayo ina udhaifu wake. Prednisoloni huipandisha. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, inapanda, ikizembea, inashuka. Uvutaji wa sigara, unene uliokithiri na uvimbe wa muda mrefu mwilini navyo huisogeza juu. Ndiyo maana mara nyingi tunashauri vipimo vyote viwili vifanywe na hesabu ivichanganye.

Na kabari yenyewe ikiharibika? Huko Iceland kuna familia zenye kosa la kurithi katika sistatini C, amino asidi moja tu iliyobadilika mahali pa 68. Protini hiyo hugandamana kwenye kuta za mishipa ya damu ya ubongo, na watu hupata kiharusi wakiwa bado vijana.

Ukija kupima, mtajie mhudumu wa maabara dawa zote unazotumia, hasa prednisoloni, na kama una ugonjwa wa tezi. Kwa sistatini C si lazima ulale na njaa, na mishikaki ya jana haitaisogeza namba.