Kuandika Dola 90 Si Kulipa Dola 90

"Kaka, nikiandika tisini si watanikata tisini yote?" Swali hili naulizwa na karibu kila mkusanyaji anayeniletea picha ya sarafu aliyoiona kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay. Namjibu, anaitikia, anaondoka, kisha anaandika ishirini. Anapitwa. Anaandika ishirini na tano, anapitwa tena, halafu usiku ananipigia simu kuniambia ule mnada una uchawi. Hauna uchawi. Una hesabu, tena ya darasa la nne.

Dau unaloandika eBay ni kikomo chako, si bei. Tuseme unaitaka rupia ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, DOAG, ya mwaka 1890, ile yenye Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani aliyevaa kofia ya vita. Umeangalia zilizouzwa karibuni ukaridhika kwamba kwako haizidi dola 90. Kuna mwenzako ameshaweka kikomo cha 62. Ukiandika 90, mfumo unakupandishia wenyewe mpaka umpite kwa hatua moja tu, na kwa bei za kati ya dola 25 na 100 hatua hiyo ni dola 1. Bei inasimama 63. Akitokea mtu wa 70, inasimama 71. Akitokea wa 95, anaichukua yeye kwa 91, nawe umekosa sarafu ambayo ulishasema mwenyewe hutaki kuilipia zaidi ya 90. Hasara iko wapi?

Nadhani hofu hii imetoka sokoni. Pale Kariakoo ukimtajia muuza mitumba bei yako ya mwisho, umekwisha. Hashuki hata shilingi chini yake. Ni kweli, kwa sababu pale unavutana na muuzaji na yeye amekusikia. Muuzaji wa eBay haoni kikomo chako. Anayeamua utalipa ngapi ni mnunuzi anayekufuata kwa dau. Mchumi William Vickrey alilithibitisha jambo hili mwaka 1961: mshindi akilipa kwa kufuata dau la mtu wa pili, hupati faida yoyote kwa kutaja pungufu ya thamani unayoiamini. Mwaka 1996 akapewa Nobel ya uchumi. Wateja wangu bado wanaandika ishirini.

Na huko kupanda kidogo kidogo kunawaumiza mara mbili. Kila ukipitwa, damu inachemka, na ile 90 uliyoiapia mchana inakuwa 97 saa tano usiku bila wewe kukumbuka umeivukaje. Halafu kila dau la mapema linawaamsha wengine. Mtu mwenye tabia kama yako ataendelea kukudonoa, dola moja moja, hadi aguse kikomo chako. Kwa hiyo amua namba yako mapema ukiwa umetulia, iandike kwenye karatasi, uiingize mara moja tu, sekunde chache kabla mnada haujafungwa. Tena usiandike 90 kavu. Wengi hupenda namba zinazoishia na sifuri, na vikomo viwili vikilingana anashinda aliyetangulia. Andika 90.37. Ushauri huu wa senti wananicheka nao, lakini anayebaki na sarafu ndiye anayecheka vizuri.

Wengine wana maneno yao. "Basi dau la sekunde za mwisho linashinda popote." Hapana! eBay inafunga kwa saa. Nyumba nyingi za minada ya sarafu huongeza dakika kila dau jipya linapoingia mwishoni, na huko kuvizia ni kujichosha bure. Mnada wa ukumbini unaorushwa mtandaoni ni hatari zaidi kwa anayetegemea bando: mtandao ukikwama, mnadi hakusubiri. Acha dau la maandishi mapema. Na soma masharti, jamani, yameandikwa ili yasomwe.

"Nyundo imegongwa kwa 100, nalipa 100." Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi, kisha usafirishaji, bima na mambo ya forodha. Kama bajeti yako yote ni 120 na kamisheni ni asilimia 20, kikomo chako hakifiki hata 100. Piga hesabu kuanzia mwisho.

"Kuna mtu anaiuza 500, hii ya 200 ni ya bure." Bei ya kuombwa si bei ya kuuzwa. Hata mimi naweza kuweka shilingi ya Afrika Mashariki ya 1924 mtandaoni kwa dola 1,000. Haitaacha kuwa sarafu ya fedha asilimia 25, iliyotolewa kwa mamilioni. Chuja matokeo uone zilizouzwa tu.

"Inagombewa na wengi, kwa hiyo ni halisi." Hao wengi wanatazama picha ileile unayoitazama wewe. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 tu, na bandia zake zimezagaa. Omba uzito wake. Halisi ina gramu 7.17 hivi. Omba na picha ya ukingo. Muuzaji akizungushazungusha maneno, usiweke dau lolote. Ikiwa ndani ya kasha la NGC au PCGS, kampuni zinazokagua sarafu na kuzithibitisha, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao ulinganishe, maana hata makasha yanaghushiwa.

Na thaler ya Maria Theresa ya 1780, sarafu kubwa ya fedha ya Austria, ambayo wengi huidhani ina umri wa karne mbili na ushei: Vienna bado wanaipiga hadi leo ikiwa na mwaka uleule wa 1780. Iwekee dau la uzito wa fedha yake, gramu 28 zenye fedha asilimia 83.3, isipokuwa mjuzi amekuonyesha alama zinazothibitisha kuwa ni ya toleo la zamani.