Tope la Sabaki na wanaojitolea kanisani: dhana potofu na ukweli

Kila mara mto Sabaki unapopanda kingo, waumini wa Malindi, pwani ya Kenya, hutaka kusaidia. Nia haikosekani. Kinachokwamisha kazi ni maneno fulani yanayorudiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Ndiyo yanayowapeleka watu arobaini kwenye nyumba moja wakiwa na mabeleshi mawili, huku mjane wa nyumba ya pili akichota tope kwa sufuria.

"Jua limetoka, twendeni tukasafishe."

Mto huu hauangalii mbingu ya Malindi. Maji yake huanza nyanda za juu karibu na Nairobi yakiitwa Athi, hukutana na mto Tsavo na kuwa Galana, kisha hufika baharini kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo mto unaweza kujaa hapa bila tone la mvua kuanguka, na maji yaliyoshuka yakarudi baada ya siku chache. Kabla ya kutuma mtu yeyote, ulizia hali ya huko juu kwa chifu au kwa Msalaba Mwekundu (simu 1199). Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na Sabaki ni mto wa viboko na mamba. Kuokoa watu kuna wenyewe waliofunzwa. Kazi ya kanisa huanza maji yakishaondoka.

Yakishaondoka, usikawie. Tope la mto huu ni laini kama unga, na likipigwa na jua siku mbili tatu hugumu kama tofali. Lililotoka kwa beleshi Jumatano litahitaji sururu Jumapili.

"Tangazo la madhabahuni linatosha."

Hili ndilo kosa linalopoteza watu wengi zaidi. Mikono huinuka Jumapili kwa sababu moyo umeguswa, lakini tangazo halikusema nani aende wapi, saa ngapi, afanye nini. Kila mmoja anadhani mwenzake ataenda. Watu hufika wanapoombwa ana kwa ana na mtu wanayemjua, kwa kazi inayotajwa, yenye mwanzo na mwisho. Pitia jumuiya, umoja wa akina mama, kwaya na vijana, na kila kundi lipewe idadi yake. Ombi liwe hivi: "Mama, Jumamosi saa moja hadi saa tano asubuhi tunataka watu wanne wa kuosha vyombo na kuanika nguo, nyumba mbili tu. Gari lipo, uji upo. Utaweza?" Mtu akijua atarudi nyumbani kabla ya adhuhuri, ni rahisi kukubali, na ni rahisi kurudi wiki ya pili.

Andika jina, simu yake, simu ya jamaa yake, ujuzi wake (mwashi, fundi wa umeme, seremala, nesi), na magonjwa ya kuangaliwa: presha, sukari, pumu. Uliza pia alidungwa lini sindano ya pepopunda. Mpigie tena Alhamisi. Orodha hii itengenezwe kabla ya masika kuanza Machi na isasishwe kabla ya vuli ya Oktoba, kwa kuwa mafuriko yakishafika hakuna anayepata nafasi ya kuketi na kalamu.

"Tukiwa wengi, itaisha upesi."

Piga hesabu ya chumba kimoja. Mita 3 kwa 4, tope la sentimita 20: hizo ni mita za ujazo 2.4, yaani takriban tani 4 za tope bichi. Toroli ikibeba lita 40, ambazo ndizo mtu anaweza kusukuma bila kuumia mgongo, ni safari 60. Ndani ya chumba hicho hawaenei zaidi ya watu wawili wenye mabeleshi. Mtu wa tatu anamkata mwenzake mguu.

Kikosi kizuri ni watu wanane na kiongozi mmoja: wawili wanachimba, wawili wanasukuma toroli mbili, wawili wanatoa vyombo na kuviosha, mmoja anapokezana na waliochoka kila baada ya dakika 20, na mmoja anakaa na mwenye nyumba. Huyu wa mwisho ana kazi nzito kuliko anavyoonekana. Ndiye anayeuliza kipi kitupwe na kipi kibaki, ndiye anayeokota vitambulisho, hati za shamba na kadi za kliniki na kuvianika kivulini, karatasi moja moja. Asitupe kitu mtu asiye na mamlaka nacho. Kilicho takataka kwako huenda ndicho pekee kilichosalia cha marehemu.

Tope lisilundikwe kando ya ukuta, kisimani wala kwenye mfereji. Mvua ya kesho italirudisha ndani.

"Nyumba ya udongo ikiwa bado imesimama, ni salama."

Nyumba ya fito na udongo husimama kwa miti yake. Maji hula udongo wa chini na kulegeza miti kwenye mashimo yake, ilhali paa likiloa huzidi uzito. Zunguka nje kwanza. Ukiona ukuta umeegemea, ufa mpya pembeni au nguzo inayotikisika ukiisukuma, usiingize mtu hadi fundi aweke miti ya kuegemeza. Kama tope limeshikilia ukuta ndani na nje, litolewe pande zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza, uzito wa upande wa pili utausukuma ukuta.

Penye umeme, fundi azime swichi kuu kabla ya mguu kuingia. Sola nayo si ya kudharau, kwani betri huendelea kuwa na moto hata ikitapakaa tope.

"Tumwage Jik kwanza, iue vijidudu."

Tope huimaliza nguvu klorini iliyo ndani ya Jik kabla haijagusa kijidudu. Utaratibu ni huu: toa tope, osha kwa maji na sabuni, suuza, ndipo upake dawa. Kwa dawa yenye klorini asilimia 3.5, tia mililita 600 kwenye mtungi na ujaze maji hadi lita 20, paka sakafu ya saruji, meza na vyombo, acha dakika 10, suuza. Changanya upya kila siku. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, maana hutoa hewa ya sumu. Kwenye ukuta wa udongo ni hasara tupu. Ukuta huo unataka upepo na jua. Kisima kilichoingia mafuriko mwachie afisa wa afya ya umma, wala asishuke mtu ndani.

"Anayefanya kazi ya Mungu haumii."

Imani haikatazi viatu. Misumari ya mabati hujificha topeni na hupenya soli laini ya gambuti, kwa hiyo weka kipande kigumu ndani ya kiatu. Kidonda kichafu kwa mtu aliyedungwa sindano ya pepopunda zaidi ya miaka 5 iliyopita kinampeleka hospitali siku hiyohiyo. Mwenye jeraha wazi asishike tope, kwa kuwa mkojo wa panya uliomo huleta homa mbaya. Magodoro na marundo yageuzwe kwa mpini wa jembe, mkono ukae mbali. Nyoka kama bafe na swila nao walikimbia maji.

"Mahindi yaliyoloa yakianikwa yanalika."

Hayaliki, wala kuku wasipewe. Ukungu huacha sumukuvu isiyotoka kwa kuosha wala kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo kwenye mahindi iliua watu 125 Kenya, wengi wao Ukambani.

"Wazee wabaki nyumbani."

Wana kazi: kupiga simu za orodha, kupika uji, kulea watoto wa waliofurikiwa. Walio chini ya miaka 18 wasaidie hapo, wasipelekwe topeni.

"Tuanze na waumini wetu."

Malindi kuta zinagusana, Mwislamu na Mkristo wanatumia kisima kimoja. Ukisafisha nyumba moja na kuruka ya jirani, utakuwa umeacha tope palepale na umeongeza chuki. Mpangilio ufuate hitaji: mjane, mgonjwa, mlemavu, mwenye watoto wachanga. Orodha ichukuliwe kwa mzee wa kijiji na ilinganishwe na ya msikiti ili msirudie nyumba. Nyumbani kwa mwanamke aliye peke yake, kikosi kiwe na wanawake na wapige hodi wao kwanza. Mahubiri hayaendi na beleshi. Mwenye nyumba akitaka dua, omba naye. Asipotaka, osha sufuria zake, mwachie sabuni iliyobaki, na mwambie kikosi kitarudi siku gani.