Je, wajua kwa nini programu ya simu hujifunga ghafla?

Mama muuza vitenge pale Kikuubo, Kampala, anaandika mauzo yake kwenye simu: 50,000. Anabonyeza kuhifadhi, programu inajifunga. Chaji ipo, mtandao upo. Tatizo ni ile koma.

Ndani ya programu kuna fanksheni, yaani vipande vya kodi (maagizo yanayoandikwa kwa ajili ya kompyuta) ambavyo kila kimoja kina kazi yake. Kipo kimoja ambacho kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa namba. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, fanksheni ya int ikipewa "50,000" haibahatishi. Inasimama na kurusha kosa liitwalo ValueError. Kosa hilo huenda kwa fanksheni iliyoiita. Lisipodakwa hapo, yaani lisiposhughulikiwa, hupanda kwa iliyoita hiyo, ngazi kwa ngazi. Likifika juu bila mdakaji, programu nzima hukatika.

Wengi huilaumu fanksheni iliyorusha. Mimi naitetea. Maandishi yaleyale ukiyapa parseInt, fanksheni ya lugha nyingine iitwayo JavaScript, itasoma mpaka kwenye koma, iishie hapo na kukuletea 50, bila kosa lolote. Mama kauza vitenge vya elfu hamsini, daftari linasema shilingi hamsini, na hatagundua mpaka siku ya kufunga hesabu. Afadhali kelele.

Ila kelele isiyo na wa kuipokea nayo huua. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya Ariane 5 ilikuwa na kodi iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Kodi hiyo ilijaribu kuingiza namba kubwa katika nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Kosa likarushwa, halikudakwa, kompyuta za mwelekeo zikazima. Roketi ililipuka sekunde 40 hivi tangu safari ianze.

Kwa hiyo, wewe unayeandika programu, ripoti ya kosa ya Python isome kuanzia chini, maana mstari wa mwisho ndio wenye jina la kosa. Kisha lidake kwa jina lake hilo. Ukidaka kila kitu na kunyamaza, umelificha tu. Na kwa mama wa Kikuubo, iondoe koma mwenyewe kabla ya kugeuza, kwani pesa tunaiandika hivyo. Akiandika "elfu hamsini", daka, mwombe aandike kwa tarakimu, na usimfutie alichokwisha kujaza.