Shahada ya kilimo cha bustani: kazi zake ni zipi?

Kilimo cha bustani ni upande wa kilimo unaohusu mboga, matunda, maua na viungo. Shahada yake inafundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT), Juja, Kenya, na anayeisoma hakosi kuulizwa nyumbani: kwa hiyo utakuwa bwana shamba? Anaweza, kama halmashauri au kaunti ikitangaza nafasi. Tatizo ni kwamba wengi huishia kusubiri tangazo hilo tu, ilhali kazi zimetapakaa kuanzia kwenye mbegu hadi uwanja wa ndege.

Chukua waridi la Naivasha, Kenya. Ndani ya banda la plastiki kuna anayepita tuta kwa tuta akigeuza majani kutafuta utitiri, wadudu wadogo sana wafyonzao majani, na ubwiri, ugonjwa wa ukungu. Wahitimu wengi huanzia hapo, na hakuna aibu: asiyejua kuusoma ugonjwa kwenye jani hawezi kuaminiwa kusimamia upuliziaji wala mbolea inayopita kwenye mipira ya umwagiliaji wa matone. Ua likishakatwa linahitaji ubaridi mfululizo, kwa hiyo kuna kazi ya chumba cha baridi na ya kupanga maua kwa madaraja ya ubora. Kisha ukaguzi. Kiwavi mmoja wa nondo aliyejificha ndani ya ua, au mabaki ya dawa yaliyopita kiwango kwenye maharage machanga, yanatosha kuzuia mzigo Ulaya. Ndiyo maana kampuni huajiri watu wa ubora, na serikali ina wakaguzi wake wa afya ya mimea: shirika la KEPHIS kwa Kenya, mamlaka ya TPHPA kwa Tanzania. Kwa maoni yangu upande huu wa baada ya mavuno ndio unaosahaulika zaidi chuoni.

Utafiti upo pia. Kituo cha Tengeru cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, na Kituo cha Mboga cha Dunia, vyote mkoani Arusha, hushughulika na mbegu, zikiwemo za mnafu na nyanya chungu. Ila huko shahada ya kwanza peke yake mara nyingi haikufikishi mbali. Kampuni za mbegu na viuatilifu huchukua maofisa mauzo, kazi ya pikipiki na vumbi. Hoteli zinahitaji watu wa kupanga na kutunza bustani zao.

Asiyetaka kuajiriwa aangalie miche. Parachichi la Hass linalopandwa Njombe na Rungwe hubebeshwa, yaani kikonyo chake huungwa, juu ya shina lililooteshwa kwa mbegu ya kienyeji, na kitalu cha miche hiyo hakidai ekari nyingi. Kinadai mkono usiotetereka, kisu safi, na vikonyo, vile vijitawi vya kuunga, kutoka mti mama unaojulikana.