Unataka kuacha pombe au unga (heroini)? Usitoroke kazini, njoo kwanza hospitali

Uraibu ni ugonjwa au tabia mbaya?
Ugonjwa. Mwili umeshazoea kilevi, ukikikosa unatetemeka. Una tiba.

Nitalipwa nikiwa kwenye matibabu?
Ukiwa na cheti cha daktari aliyesajiliwa, ndiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Bila cheti mwajiri halazimiki kulipa. Na ukikutwa kwenye mashine umelewa, cheti hakifuti kosa hilo.

Kwa nini nisijifungie nyumbani wiki moja, niache mwenyewe kimyakimya?
Usithubutu. Hili tunaliona kila mara hapa Mbeya, na limetuchosha. Mtu amekunywa komoni au gongo kila siku kwa miaka, anaamua kukata ghafla. Ndani ya siku mbili anapata degedege. Siku ya tatu anaweweseka, anaona watu wasiokuwepo. Ndugu wanasema karogwa, wanampeleka kwa mganga. Sisi tunaletewa amechelewa. Kukata pombe ghafla kunaweza kuua. Hospitalini tuna dawa za kuzuia hayo.

Kazini nako? Kutoonekana zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa la kukufukuzisha. Tafadhali: hospitali kwanza, cheti mkononi, ndipo upumzike. Ukishindwa kwenda kazini mwenyewe, mpe ndugu akipeleke siku hiyohiyo.

Bosi si atajua siri yangu?
Daktari hatoi habari zako bila ridhaa yako. Wengi wanaogopa aibu ya siku moja, wanapoteza kazi ya miaka kumi. Hapana, jamani.

Natumia heroini. Likizo itatosha?
Haitoshi. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kwa miezi mingi, hata miaka. Kliniki ipo Hospitali ya Rufaa Mbeya. Kwa hiyo omba kubadilishiwa zamu upate asubuhi ya kunywa dawa. Usiache kazi, mwenye kipato huvumilia matibabu vizuri zaidi.

Nimeshafukuzwa nikiwa nimelazwa.
Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu kufukuzwa, na barua ya kazi, barua ya kufukuzwa na vyeti vya hospitali. Usisubiri upone kabisa, siku zinahesabika ukiwa kitandani. Kama una chama cha wafanyakazi, kiarifu leo.