Je, difyusheni hukoma ukolezi ukishalingana?

Wengi huamini kwamba katika difyusheni, yaani kusambaa kwa molekuli, molekuli hutoka penye ukolezi mkubwa (pamejaa nyingi) kwenda penye ukolezi mdogo, na pande mbili zikilingana, hutulia. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa jumla ya molekuli zote tu, si kwa kila moja. Ya pili si kweli.

Molekuli haijui wapi pamejaa. Hugongana na nyingine, ikaelekea kokote. Oksijeni hupita kwenye utando wa seli kwa kuingia na kutoka wakati uleule. Kwa kuwa nje molekuli zake zimejaa zaidi, zinazoingia huzidi zinazotoka. Na kwa kuwa seli huitumia oksijeni mfululizo, tofauti hiyo haiishi. Hata pakilingana, safari huendelea, ila zinazoingia na zinazotoka huwa sawa kwa idadi.

Unaweza kujionea kwamba molekuli hazitulii. Ukipata hadubini ya shule, zimua tone la maziwa kwa maji, lifunike, kisha likuze mara 400. Acha maji yatulie kwanza, maana mkondo husukuma kila kitu upande mmoja. Utaona vitone vidogo vya mafuta vikitetemeka huku na huku, vikigongwa na molekuli za maji. Angalia tena baadaye, kabla hayajakauka: bado vinatetemeka.